Mlimani Hakuendwi kwa Hesabu za Unguja

Juzi msomaji mmoja, mama wa watoto watatu, kaniletea ratiba yake: Lushoto, kule milima ya Usambara, Disemba, skuli zikifungwa, siku nne kutoka nyumbani hadi kurudi nyumbani. Irente imo, msitu wa Magamba umo, Soni imo, Mtae imo, na saa kaziandika pembeni. Anauliza kama imekaa sawa. Niliisoma nikanyamaza, kwa sababu ratiba hiyo naijua. Ndiyo niliyomsafirisha nayo mama mkwe wangu Julai ile, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unaniuma.

Mama alikuwa na hamu ya siku nyingi. Marehemu baba mkwe alifanya kazi Tanga ujanani, na akimhadithia kuhusu milima ya Usambara, kwamba mtu anasimama na mawingu yanampita chini ya miguu. Mama kilima anachokijua ni Masingini. Nikasema, huyu lazima nimpeleke akaone.

Basi nikapanga kama tunavyopanga hapa kwetu. Mtu wa mjini anakwenda Nungwi asubuhi, anapitia Mkokotoni kununua samaki, na magharibi yuko kwake. Nikaambiwa kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60. Nikaandika: kwenda na kurudi, siku moja.

Tulipanda boti ya saa moja asubuhi pale Malindi. Kusi limechachamaa, watoto roho zimewachafuka, mama kafumba macho na tasbihi mkononi. Dar hatukupumzika, mbio mpaka stendi ya Mbezi. Chalinze, Segera, Korogwe. Mombo tumefika usiku, na hapo ndipo kona zinapoanza, kilomita 33 za kupanda. Gari tuliyokodi ikasimama Soni, dereva akadai nyongeza, nasi tuko gizani na mama anatetemeka ndani ya buibui. Bei tulishakubaliana, lakini mdomo tu, na tulikuwa tumeshampa nusu. Tukatoa. Sijamsamehe.

Na baridi! Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua karibu nyuzi 6. Sisi kipupwe chetu ni kujifunika shuka alfajiri. Kule Julai watu wanalala na mablanketi mawili. Mimi niliwafungia wanangu khanga na fulana.

Siku ya Mtae tuliondoka tumeshachelewa. Barabara ya udongo, kona juu ya kona, tumefika mchana ukungu umefunga kama mtu kaning'iniza shuka nyeupe mbele ya macho. Dereva anahimiza turudi kabla ya giza. Mama alikaa garini nusu saa, hakusema neno. Wiki ya pili nikamsikia barazani akimwambia jirani: "Nimepelekwa kutazama moshi."

Kwa hiyo nasema kwa uchungu niliouonja mwenyewe: mlimani hesabu saa, usihesabu kilomita. Chagua sehemu mbili, ulale, uamke palepale. Mtu anayekimbia mlimani anarudi na picha za ndani ya gari.

Januari hii tulikwenda tena, likizo ya Mapinduzi, tukaongeza siku mbele na nyuma. Vuli imekwisha, masika bado. Tulilala Dar usiku mmoja bila ya haraka. Lushoto tulilala siku mbili na kazi yetu ilikuwa Irente tu. Ni karibu na mji, unafika ukingoni mwa jabali, na Mazinde iko chini yako kabisa, nyumba kama punje za mchele. Hapo Irente wanatengeneza jibini na mkate wao. Mama alikula, akaomba tena. Gari safari hii bei iliandikwa kwenye karatasi, na pesa tukatoa tulipofika.

Mtae tukalala usiku mbili. Asubuhi ya kwanza nafungua mlango, ukungu uleule. Nilitaka kulia. Mama, kavaa sweta na soksi za mwanawe, akaniambia: "Mwanangu, tia chai, tunakwenda wapi?" Tukanywa. Kwenye saa nne ukungu ukaanza kushuka, ukashuka mpaka ukawa chini yetu, na kule mbali ikatokea nyika ya Mkomazi, na milima ya Upare. Mama akasimama, akashika ukuta kwa mkono mmoja. "Kumbe kweli alikuwa akisema," akasema. Hakuingia ndani mpaka adhuhuri.

Sasa dada yangu, ratiba yako. Siku ya kwanza na ya nne zimekwisha njiani, usijidanganye. Umebaki na siku mbili. Mtae ifute, Disemba vuli huenda haijamaliza na barabara ile ikiloa inateleza. Baki Lushoto. Siku moja Irente, siku moja Magamba na mtembezaji mwenyeji wa hapo, watoto waone mbega juu ya miti. Soni mtaipita njiani, simameni dakika kumi kwenye maporomoko. Kila mtoto sweta mbili, na dawa ya kutapika uitie kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku. Mtae ukiitaka, niandikie Januari, tupange siku saba.