Zorki-4 inayotoa picha nyeusi upande mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba mdogo aliniachia kamera ya filamu aina ya Zorki-4. Nikipiga kwa kasi ya 1/500 au 1/1000 ya sekunde, upande mmoja wa picha hutoka mweusi, lakini kwa 1/30 picha hutoka kamili. Mkusanyaji wa kamera za zamani anataka kuinunua, na rafiki yangu anashauri niidondoshee kwanza mafuta ya cherehani. Nifanyeje?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiitie mafuta hayo hata tone moja. Zorki-4, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kati ya mwaka 1956 na 1973, ina mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira: la kwanza huufungulia mwanga njia, la pili hulifuata na kuifunga. Kwenye kasi kubwa, pazia la pili huondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, kwa hiyo filamu hupata mwanga kupitia upenyo mwembamba unaosafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili. Grisi ya miaka mingi ikiganda, pazia la kwanza huchelewa, la pili hulikuta njiani, upenyo huzibika, na sehemu ya filamu iliyosalia hubaki gizani. Kwa 1/30 mapazia huachana kabisa, ndiyo maana huoni kasoro. Mafuta ya cherehani yakiufikia mpira huulainisha na kunasa vumbi, na hapo itabidi mapazia yenyewe yabadilishwe.

Jambo jingine ambalo kila mwenye Zorki-4 anapaswa kulizingatia ni kuvuta filamu hadi picha inayofuata kwanza, ndipo azungushe kitufe cha kasi, kwa sababu kukizungusha kabla ya kuvuta kunaweza kuharibu mitambo ya ndani.

Kuhusu kuuza, sikushauri uitengeneze kwanza. Kamera hizi zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, si adimu, na malipo ya fundi yanaweza kuzidi kile utakachoongezewa kwenye bei. Mkusanyaji makini atakagua kama skrubu zimekwaruzwa na bisibisi na kama lenzi imeota ukungu, na kwa unyevunyevu wa ziwani hili la ukungu ni la kuogopwa kweli. Itoe kwenye mkoba wa ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu. Mweleze hitilafu waziwazi na umwonyeshe picha zilizoharibika, ili aamue bei akijua anachonunua.

Ukiamua kubaki nayo, tafuta fundi aliyezoea mapazia ya kitambaa, naye asafishe na kulainisha upya kabla ya kugusa springi zinazovuta mapazia, kwa kuwa kukaza springi juu ya grisi iliyoganda huficha ugonjwa kwa muda tu. Wakati unamtafuta, jaribu 1/125 na uangalie kama picha inatoka kamili. Kwa filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) kwenye jua kali, kasi hiyo pamoja na tundu dogo la lenzi la f/16 vinatosha.