Pipa lenye skrini kwenye Maulidi, tununue ama ni mbwembwe?

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi ni vijana wa hapa Langoni, Lamu, huwa tunasaidia usafi wakati wa Maulidi na pia kwenye tamasha la utamaduni. Tumeweka mapipa ya rangi tatu lakini watu wanachanganya tu, chupa za maji, mifupa ya mbuzi, maganda ya ndizi, zote pipa moja. Sasa kuna jamaa anataka kutuuzia pipa lenye skrini na kamera, eti linamwambia mtu taka yake inaingia wapi. Bei imetushtua. Tuchange ama tuachane nayo?

JIBU: Waaleikum salaam vijana wangu. Hiyo skrini achaneni nayo. Jua la saa nane pale Mkunguni mbele ya ngome hata simu yako mwenyewe huioni vizuri, na mtu ameshika sahani ya pilau na mtoto anamvuta kanzu hawezi kusimama kungoja kamera imalize kufikiria, ataiweka juu ya baraza aende zake.

Kinachovuta watu ni pipa linalojibu papo hapo. Mwaka 2009 Volkswagen waliweka pipa moja huko Sweden, ukitupa kitu linatoa sauti kama kimeanguka shimo refu sana halafu pwaa, wakasema siku moja lilipata kilo 72, yaani kilo 41 zaidi ya pipa la kawaida la hapo karibu. Watu walikuwa wanaokota taka za wenzao wapate tu kusikia! Lakini angalieni, lile liliwafanya watupe, halikuwafunza kutenganisha. Na la sauti msithubutu kuliweka karibu na msikiti wa Riyadha watu wakiwa kwenye kasida, mtafukuzwa na mimi sitawatetea.

La kwenu nyinyi ni pipa la kura. London mwaka 2015 shirika la Hubbub lilianza na vishungi vya sigara, kisanduku chenye kioo mbele, swali moja juu na matundu mawili, unapigia kura upande wako kwa kishungi. Nyinyi fanyeni na chupa za plastiki, fundi awachomelee vizimba viwili vya waya, kimoja kiandikwe Mkomani kingine Langoni, swali: mtaa gani msafi zaidi? Si mnajijua nyinyi kwa kushindana. Tundu liwe duara la kutosha chupa tu, sahani isipite, hapo kutenganisha kunajifanya kwenyewe bila mtu kusoma bango.

Teknolojia iwe ndogo tu, sensa ya infraredi kwenye tundu inayohesabu kila kinachopita na namba kubwa za taa juu, betri na sola, fundi yeyote wa elektroniki anaweza. Ila watoto watapitisha mikono pale usiku kucha namba ipande, kwa hivyo taa ziwe za kuchangamsha tu na matokeo rasmi yawe ya mizani.

Makombo yanataka pipa zito, mdomo juu, sababu punda na paka wa Lamu hawangoji tamasha liishe, na kijana mmoja asimame hapo awaelekeze watu kwa upole. Sheria ya taka ya Kenya ya 2022 nayo inataka za kuoza zitengwe na zisizooza, si mambo ya hiari tena.

Lakini kabla hamjanunua hata waya mmoja tafuteni nani atazichukua hizo chupa. Lamu si wageni wa mambo haya, ile jahazi ya Flipflopi iliyoundwa kwa plastiki za taka na kuvishwa ndara za rangi ilitoka hapo hapo kwenu ikaenda Zanzibar mwaka 2019. Ongeeni na wanaochakata, muulize wanataka chupa gani, na kifuniko ama bila, mkubaliane siku ya kuja kuchukua. Mkimaliza kutenganisha halafu magunia yote yakamwagwa mkokoteni mmoja mbele ya watu, mwaka ujao hata mkiweka pipa linaloimba hakuna atakayewasikiza.

Na Mkomani wakishinda msiniandikie kulalamika.