Uliza Fundi: Nimezima bayti tano kwenye faili la .o, sasa moduli inakataa kuingia

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Dodoma, najifunza keneli ya Linux (kiini cha mfumo) kwenye laptop ya Intel ya biti 64. Nimeandika kimoduli cha mazoezi na ndani kuna sehemu inaita printk kila saa mpaka log inajaa. Nikasema badala ya kufuta ule mstari kwenye C ngoja niuzime kwenye faili la .o lenyewe baada ya kukompaili, nijue mambo yanaendaje huko chini. Nikakuta E8 00 00 00 00, nikaweka 90 (nop, amri isiyofanya kitu) mara tano. make ikamaliza bila kelele lakini insmod, ile amri ya kupakia moduli kwenye keneli, inaniambia "Invalid module format". Toleo la keneli nimecheki ni lilelile, nimefuta nimeanza upya, wapi. Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Toleo la keneli achana nalo kabisa. Watu wengi wakiona huo ujumbe wanakimbilia kwenye toleo manake ndo sababu inayojulikana, lakini insmod inarudishiwa kosa lilelile kwa sababu nyingi tofauti, na sababu yenyewe inaandikwa kwenye log ya keneli, inayosomwa kwa dmesg. Andika dmesg usome mistari ya mwisho, utakuta unaoanza na x86/modules unalalamika kuhusu relokesheni (agizo la kujaza anwani baadaye) ya aina namba 4. Hapo ndo pa kushika.

Ziangalie tena bayti ulizozikuta. E8 ni amri ya kuita funksheni, na bayti nne zinazofuata ni umbali wa kwenda huko inakoita. Kwako umbali ni sifuri tupu, na hakuna funksheni iliyo umbali wa sifuri! Kompaila ilipokuwa inatengeneza hilo faili haikujua _printk (ndo jina la printk huko chini) itakaa wapi kwenye memori, kwa hiyo ikaacha nafasi wazi na pembeni, kwenye jedwali la relokesheni, ikaandika maelezo ya nani aje ajaze nini. Ni kama fundi mwashi anavyoacha tundu la mlango ukutani na kumwachia seremala vipimo. Wewe umeziba tundu kwa tofali lakini karatasi ya vipimo bado ipo, na seremala anakuja nayo.

Piga objdump -dr kwenye faili lako utaiona hiyo karatasi, chini ya mstari wa call kuna R_X86_64_PLT32 _printk-0x4, na hiyo PLT32 ndo ile aina namba 4. (Ile 0x4 inatolewa kwa sababu umbali unahesabiwa kuanzia mwisho wa amri, siyo kuanzia pale pa kujaza.) Kwenye moduli anayejaza ni keneli yenyewe wakati wa kupakia, na kabla ya kujaza inahakikisha zile bayti nne ni sifuri, sasa imekuta 90 90 90 90 ikagoma. Na shukuru imegoma. Ungefanya hivohivo kwenye faili linaloingia moja kwa moja kwenye vmlinux (keneli yenyewe), linka (zana inayounganisha mafaili ya .o) haiulizi chochote, inaandika umbali juu ya 90 zako nne, unabaki na 90 moja halafu bayti nne za namba ambazo prosesa itazisoma kama amri. Mashine ikifika pale inaanguka na wewe utatafuta kosa wiki nzima kwenye C, ambako hakuna kosa.

Kwa hiyo dawa ni kubadilisha sehemu mbili siyo moja. readelf -S itakuonyesha .rela.text imeanzia wapi ndani ya faili (kama printk yako iko kwenye funksheni yenye __init basi ni .rela.init.text), na readelf -r itakuonyesha orodha yenyewe. Kila ingizo lina bayti 24, nane za kwanza ni mahali, nane za katikati zina aina na namba ya simboli (jina la kinachoitwa), nane za mwisho ni ile ya kuongeza au kutoa. Tafuta ingizo ambalo mahali pake ni moja zaidi ya anwani ya call yako, moja kwa sababu E8 yenyewe imekula bayti ya kwanza. Bayti nne za mwanzo za ile nane ya katikati zitakuwa 04 00 00 00, zifanye 00 00 00 00, yaani R_X86_64_NONE, maana yake hapa hakuna kazi. Basi, moduli itaingia.

Halafu badala ya 90 tano zoea kuweka 0F 1F 44 00 00. Hiyo ni nop moja yenye urefu wa bayti tano. Kwenye zoezi lako zote zinafanya kazi, ila kwenye sehemu ambazo keneli inakuja kurudishia call wakati mashine inatembea, hizo 90 tano ni hatari, manake kuna uzi (thread) unaweza ukawa umesimamishwa katikati yake, baada ya ile ya pili mathalani, ukirudi unajikuta umetua tumboni mwa amri mpya. Na usifute bayti hata siku moja, mruko wowote unaopita juu ya hapo ulishahesabiwa.

Kingine ambacho hujauliza lakini kitakupata. Kama printk ndo kitu cha mwisho kwenye funksheni, kompaila mara nyingi haiweki E8, inaweka E9, inaruka moja kwa moja bila kurudi. Ukiziba hiyo kwa nop prosesa inaendelea kutiririka mpaka kwenye funksheni ya jirani, kwa hiyo pale inatakiwa ret, amri ya kurudi kwa aliyeita. Ila siyo kila E9 ya mwisho ni hivo, keneli za tangu 2022 nyingi zinarudi kwa kuruka kwenda __x86_return_thunk, hiyo iache.

Na usidhani unafanya uhuni, keneli inajifanyia hivi kila inapojengwa. Kuna zana inaitwa objtool, iliingia toleo la 4.6 mwaka 2016, kazi ya Josh Poimboeuf. Fungua tools/objtool/check.c utafute R_NONE, utakuta inafuta relokesheni kwanza ndo inaandika nop, na ikikuta ni mruko wa mwisho inaandika ret. Soma hiyo sehemu taratibu, ni darasa zuri kuliko chochote nitakachokuandikia mimi.

SWALI: Fundi, kuna mtu kaniambia keneli iliwahi kuharibu kadi za mtandao kwa kujibadilisha amri zake. Ni kweli au stori? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ni kweli, 2008, wakati toleo la 2.6.27 linatengenezwa. Kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zilikuwa zinapoteza yaliyoandikwa kwenye memori yake ya kudumu, na draiva ndo ilishukiwa kwanza. Kumbe ni ftrace, zana ya keneli ya kufuatilia funksheni zinazoitwa. Enzi hizo ilikuwa inakusanya anwani za funksheni zinapoitwa, halafu baadaye inarudi kuziwekea nop. Sasa kodi ya kuanzishia moduli ikishamaliza memori yake inaachiwa, anwani ikabaki kwenye orodha, na palepale pakaja kuunganishwa kadi. ftrace ilitumia cmpxchg, amri ya kulinganisha kwanza ndo iandike, ikiamini kama bayti siyo zenyewe haitaandika, lakini kwenye x86 hiyo amri inaandika hata ulinganisho ukishindwa, inarudisha thamani ileile. Kwenye memori ya kawaida haidhuru, kwenye kadi ni kuandika kweli. 2.6.27.1 ikaizima, na 2.6.28 ikaja na recordmcount ya Steven Rostedt, inayoandaa orodha ya anwani wakati wa kukompaili, hakuna tena kukusanya huku mashine inatembea.

SWALI: Na kuzima call ndani ya faili la .o kwenye bodi za ARM za biti 64 ni hivohivo?

JIBU: Jedwali ni lilelile la bayti 24, ila kila amri ni bayti nne na nop ni 1F 20 03 D5. Aina utakayoikuta kwenye kuita ni R_AARCH64_CALL26, namba 283, kwenye faili inaonekana 1B 01 00 00, nayo ifanye sifuri. Kuwa makini zaidi huku, manake hakuna ule ukaguzi wa sifuri, ukisahau relokesheni moduli inaingia kimya na zile biti 26 zinaandikwa juu ya nop yako.