Maswali na Majibu: Tenga taka jikoni, kabla hazijachanganyika

Wengi walioandika safari hii ni wa Dar es Salaam. Nimechagua maswali matano, na msimamo wangu katika yote ni mmoja: kazi ya taka inaanzia jikoni, si dampo.

*Mimi ni mama lishe, Tandika. Nakusanya chupa za maji za wateja wangu lakini mnunuzi anazikataa karibu nusu. Ananipunja?*

Pole, dada. Kwenye mizani anaweza kukupunja, kwa hiyo pima kwanza dukani kwa mtu unayemwamini. Ila kwenye kuchagua ana hoja. Chupa ya maji au soda ni plastiki ya PET; igeuze kitako utaona namba 1 ndani ya pembetatu ya mishale. Kifuniko chake ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Kata kipande cha kila kimoja, vitie kwenye beseni la maji, visukume chini kwa kidole. Cha chupa kitabaki chini, cha kifuniko kitaibuka. Hata kiwandani, baada ya kusaga, huvitenganisha kwa maji namna hiyohiyo. Madumu na galoni za sabuni mara nyingi ni namba 2, nazo zina kiroba chao. Chupa iliyotiwa mafuta ya taa usiichanganye na nyingine, harufu yake haitoki. Mwaga maji, suuza, ikanyage ibonyee, vifuniko weka pembeni. Ukimpelekea mzigo uliochambuliwa, hapo una nguvu ya kupatana bei.

*Mtaani kwetu Tabata tunatenga taka vizuri, halafu wazoaji wakija na guta wanazimwaga zote pamoja. Tunajisumbua bure?*

Hasira yenu ni ya haki. Mnalipa ada ya taka kila mwezi na mnastahili huduma inayoheshimu kazi yenu. Lipelekeni suala hili kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti na kikundi cha wazoaji wakiwepo, mdai siku moja ya wiki iwe ya vitu vikavu tu. Wakati mnasubiri, chupa, makopo na maboksi msiyape guta. Mpeni mwokota chupa anayepita hapo kila asubuhi. Mkimpa mkononi vikiwa safi, hatalazimika kupekua uchafu kwa mikono mitupu, na mzigo wa kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi utapungua.

*Nina uwanja mdogo sana. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga nayafanyaje? Nilijaribu mboji ikanuka hadi majirani wakalalamika.*

Swali hili nalipenda, maana sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni hizi zinazooza. Zikifukiwa dampo bila hewa hutoa gesi ya methani, inayoongeza joto duniani. Zikioza penye hewa zinakuwa mbolea. Mboji yako ilinuka kwa sababu ilikosa hewa na ilizidi unyevu. Chukua ndoo ya lita 20 iliyochakaa, itoboe kitako na ubavuni. Kila ukitia maganda, funika kwa majani makavu, maranda au maboksi yaliyochanwachanwa, na vikavu vizidi vibichi. Geuza kila wiki kwa kijiti. Kamata kiganjani na ukamue: ikidondosha maji, ongeza vikavu; ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Nyama, samaki na mafuta usitie, vinaita panya na nzi. Baada ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi wenye harufu ya mvua ya kwanza. Mchicha utaupenda.

*Jirani anachoma taka kila magharibi, plastiki na nepi humohumo. Mwanangu ana pumu.*

Usinyamaze, mama. Moshi wa plastiki una sumu, na kwa mtoto mwenye pumu ni hatari ya leoleo. Anza kwa kuzungumza naye kwa upole. Wengi huchoma kwa sababu guta halifiki kwao. Asipobadilika, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa bwana afya wa kata.

*Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, lakini sokoni bado nafungiwa nyanya kwenye vile vinailoni vyepesi. Vinaruhusiwa?*

Haviruhusiwi. Marufuku ya Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, na hata mtu anayekutwa akitumia mfuko huo anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000. Vifungashio vinavyoruhusiwa ni vya bidhaa kutoka kiwandani, vyenye ubora uliowekwa, si vya kubebea nyanya. Kinailoni hicho hakuna anayekiokota, kwa kuwa hakina uzito wa kulipwa, hivyo kinaishia mtaroni, na mvua zikija maji yanakosa njia. Wakazi wa Jangwani na bonde zima la Msimbazi wanajua gharama ya mafuriko hayo. Nenda sokoni na kikapu, na mwambie muuzaji akumiminie nyanya humo moja kwa moja.