Mguu wa kuku juu ya kaunta: maswali yenu kuhusu silaha dukani

Nilipoandika kuhusu wezi wa jioni katika maduka yetu ya Arusha, sikutegemea kwamba maswali mengi yangerudi na neno bastola, ule mguu wa kuku wa mitaani, ndani yake. Yamekuja kutoka kwa wenye maduka, mawakala, na mama mmoja wa Moshi mwenye mtoto ughaibuni. Nimeendesha duka Ngarenaro miaka ishirini na mbili, na jambo hili limenikosesha usingizi zaidi ya mara moja. Nimechagua saba.

Dada, nina duka la vifaa vya ujenzi Sombetini. Nina mteja mkubwa, mtu wa madini. Kila akija anachomoa bastola kiunoni, anailaza kaunta, ndipo anatoa bunda la hela na kuhesabu. Kibali anacho, sina shaka. Lakini mabinti wangu wawili wa dukani wanaogopa, mmoja amesema ataacha kazi. Nikimwambia, nitampoteza?

Kaka yangu, hofu ya hao mabinti ndiyo ianze kukuongoza, kabla ya hesabu ya nondo. Wao ndio wanaosimama mbele ya ule mdomo wa bastola, wewe uko stoo unapima misumari.

Mteja wako huenda hana nia mbaya kabisa. Watu wanaokwenda na kurudi Mererani hubeba fedha na mawe, na wana sababu ya kuogopa kuvamiwa. Na chuma kile kinamkera kiunoni akiinama. Anakiweka mezani kama wewe unavyoweka simu. Hapo ndipo hatari ilipo, maana kitu ukikizoea unaacha kukitazama.

Nikueleze nililoliona dukani kwangu. Mteja mmoja, mtu mzima na mstaarabu, aliinama kunyanyua kiroba cha mchele cha kilo 25. Bastola ikamtoka kiunoni ikaanguka kwenye sakafu, ikateleza hadi chini ya rafu ya sabuni. Sote tuliganda. Asiyeganda alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyekuja na bibi yake kununua mafuta ya taa. Aliinama, akaiokota kwa mikono miwili, akamfuata yule mzee akamwambia, "Babu, umeangusha." Mdomo wa ile bastola ulikuwa unamtazama yeye mwenyewe tumboni. Mzee aliipokea taratibu sana, akakaa juu ya kiroba chake, akashindwa kusimama. Mchele hakuuchukua siku ile. Tangu hapo mlangoni kwangu pana tangazo.

Sasa huyo wa kwako, usimwambie mbele ya watu. Mpigie simu siku ambayo haji kununua. Mwambie: "Bosi wangu, tumeweka utaratibu mpya dukani, silaha haiingii, na nimeona nikuambie wewe wa kwanza kwa heshima." Kisha mpe njia nyingine ya kununua: atume oda kwa simu, alipe benki, mzigo umfikie saiti kwa gari lako. Mtu anayeogopa kutembea na hela atalipenda hilo kuliko unavyodhani.

Jambo moja usilifanye, hata akikuomba kwa upendo: usikubali kumwekea ile bastola kwenye droo yako wakati ananunua. Leseni ni yake, si yako. Ikikutwa mikononi mwako, wewe ndiye mwenye kesi. Na asiiache kwenye gari, maana vioo vya magari vinavunjwa mjini hapa kila siku. Ibaki nyumbani, ndani ya sefu.

Kama atakasirika na kuhama, ahame. Binti wa dukani mwaminifu, anayejua bei zote kichwani, hapatikani kirahisi hivyo.

Mtu ana leseni ya serikali. Mimi fundi simu mwenye kibanda Kaloleni nina mamlaka gani ya kumzuia?

Leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu yeye na silaha yake. Haimpi haki ya kuingia kwenye duka la mtu. Biashara ni yako, unamkaribisha kila mtu kwa masharti yako, mradi hubagui. Mbona benki zote za mjini zina picha ya bastola iliyopigwa mstari mlangoni, na bodaboda anavua helmeti bila kuuliza sheria gani?

Ukimwomba atoke akagoma, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 299 kinachogusa hata mtu aliyeingia kihalali kisha akabaki isivyo halali kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi. Lakini kifungu ni cha polisi na mahakama. Wewe usimshike mkono, usimsukume, usibishane. Toka nje, piga 112.

Tangazo liwe fupi, liwe nje, usawa wa macho: "Tafadhali usiingie na silaha. Askari walio kazini wanaruhusiwa." Na liwahusu wote. Ukimpitisha diwani ukamzuia dereva wa daladala, watu wataona mara moja.

Nauza mashuka na shanga karibu na soko la Kilombero. Wateja wangu wengi ni Wamasai, na sime na rungu ni sehemu ya vazi lao. Mtalii mmoja aliogopa akatoka. Mume wangu anataka tuweke tangazo la "hakuna silaha." Mimi naona tutawatukana wateja wetu. Nani yuko sahihi?

Wote wawili, na swali lako ndilo lililonikalisha zaidi.

Tuanze na jambo ambalo mji huu haulisemi. Tembea Barabara ya Sokoine saa nne usiku, uone nani amekaa mbele ya maduka yaliyofungwa. Ni vijana wa Kimasai, shuka limewafunika hadi masikioni, rungu magotini, sime kwenye ala yake nyekundu. Tunawakabidhi mali zetu zote kwa ujira mdogo, kwa sababu tunaamini ile sime. Ikifika saa tatu asubuhi, kijana yuleyule akiingia kununua sukari, tunamtazama mkono. Hilo linaniuma, na ukiweka tangazo lenye bastola na sime pamoja ndilo utakalokuwa umeliandika.

Halafu sime si bastola. Sime ikianguka haitoki risasi ikapita kwenye ubao hadi kwa jirani anayekaanga chipsi. Na mwenye sime tangu ujana amefundwa na wazee lini inatoka kwenye ala na lini haitoki.

Hata hivyo duka lako ni dogo, watu wanapishana kwa mabega, na rungu linaning'inia usawa wa uso wa mtoto. Mama mmoja ninayemfahamu anauza mashuka pia. Ameweka mlangoni ndoo kubwa ya mchanga, na fimbo zote zinasimama humo, kama nyumbani kwa mzee ambako mgeni hukabidhi fimbo yake akaribishwe. Anasalimia kwanza, "Sopa," anaitikiwa "Epa," mazungumzo ya ng'ombe na mvua yanapita, ndipo anasema, "Papa, fimbo ipumzike hapa, nipo naiangalia." Sime inabaki kwenye ala, chini ya shuka. Sijasikia mzee aliyechukia.

Kwa hiyo tangazo la mume wako liseme bunduki na bastola kwa majina yake. Fimbo na rungu vipewe ndoo na salamu. Na yule mtalii, siku nyingine mwambie tu kwamba huyo aliyemwona ndiye anayelinda hoteli aliyolala. Mara nyingi ni kweli.

Shikamoo mama. Mimi ni wakala wa pesa za simu Kwa Mrombo. Mwenzangu alivamiwa saa moja jioni. Nafikiria kuomba bastola. Unanishauri nini?

Marahaba mwanangu, na pole. Ushauri wangu ni usiombe.

Maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapanda kamati za ulinzi na usalama, polisi wanakuchukua alama za vidole. Ni safari, na ni haki iwe hivyo. Lakini sikukatazi kwa sababu ya foleni. Fikiria kibanda chako: mita mbili kwa mbili, umekaa, mikono yote miwili iko kwenye noti, macho yako kwenye simu. Mwizi amesimama, amechagua dakika, na wamekuja wawili. Utafika kiunoni saa ngapi? Akiiona bastola yako kabla hujaishika, ataondoka na hela pamoja na bastola, na safari inayofuata mwenzako atavamiwa kwa silaha yako.

Na ukifyatua ukapata, bado kuna kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu. Katika kujilinda, kumlinda mwingine au mali, unaruhusiwa nguvu ya kiasi inayohitajika tu, na ukizidisha unawajibika kwa jinai. Kumpiga risasi ya mgongo mtu anayekimbia na laki tatu zako, jiulize utamweleza nini hakimu.

Hela ndogo dukani ndiyo kinga. Peleka benki au kwa wakala mkuu mchana, tena saa kumi. Badilisha saa ya kufunga, isijulikane. Kubalianeni mawakala wa mtaa mmoja mfunge pamoja na mtoke pamoja. Wakija, toa hela, usimkazie mtu macho, usimfukuze. Hela inatafutwa tena.

Supamaketi yetu Njiro imeweka mlinzi mwenye shotgani mlangoni. Wapo wanaosema inafukuza wateja. Tumwondoe?

Msimwondoe kabla hamjamuuliza mambo matatu: mara ya mwisho alifyatua lini kwenye mazoezi, analala saa ngapi kwa siku, na kampuni yake inamlipa lini. Mlinzi wa zamu ya masaa kumi na mawili anayesinzia na bunduki mapajani ananitisha kuliko mwizi. Kisha mweke nje, mahali anapomwona mtu kabla hajaingia. Ndani ya rafu hawezi kufyatua bila kumpata mteja.

Wala msimfanye ndiyo mpango wote. Mei 14, 2022, katika supamaketi moja ya Buffalo, Marekani, mlinzi aliyekuwa polisi mstaafu alimfyatulia muuaji na kumpata, lakini yule alivaa fulana ya kuzuia risasi. Watu 10 walikufa, mlinzi akiwemo. Na Nairobi, kwa majirani zetu, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Septemba 21, 2013, raia wenye leseni waliingia na bastola zao na wakaokoa watu. Hilo ni kweli na ninawaheshimu. Lakini siku hiyohiyo vikosi vya usalama vilirushiana risasi kwa makosa na afisa wa polisi akafa. Waliopoteza maisha, bila kuhesabu washambuliaji, ni 67. Wafundisheni wafanyakazi milango yote ya kutokea, na isizibwe na katoni za maji.

Bastola za plastiki za watoto, niuze Krismasi hii?

Zile za rangi ya machungwa na kijani, za maji, sawa. Zile nyeusi zinazofanana na ya kweli, hapana. Zinatumika kuibia watu gizani, na mtoto akimnyooshea askari hiyo jioni, nani atamlaumu askari?

Mama mwenzangu, nakuandikia kutoka Kiboriloni, Moshi. Mwanangu yuko Texas, anafanya kazi kwenye duka la vyakula. Ananiambia watu wanaingia na bastola kiunoni, wananunua maziwa, wanatoka. Silali. Ni kweli, na wenye maduka hawana la kusema?

Mama mwenzangu, ni kweli. Texas iliruhusu wenye leseni kubeba bastola waziwazi tangu Januari 1, 2016, na tangu Septemba 1, 2021 watu wazima wengi hawahitaji hata leseni. Kule kubeba ni jambo la kawaida, na wengi wanaobeba ni wazazi kama sisi wanaodhani wanazilinda familia zao.

Lakini mwenye duka ana la kusema, na limeandikwa hadi ukubwa wa herufi. Kuna tangazo linaloitwa 30.06 la kumzuia mwenye leseni aliyeficha bastola, na 30.07 la aliyeiacha wazi. Lazima liwe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue kimo cha inchi moja. Baa zinazopata asilimia 51 au zaidi ya mapato kwa vileo vya kunywea palepale, bastola haziingii.

Makampuni makubwa yamepita njia ya kuomba. Starbucks iliwaomba wateja Septemba 2013 wasije na silaha, na ikasema haitaki wafanyakazi wake wawe ndio wa kumkabili mtu mwenye bastola. Hilo nalipenda. Agosti 3, 2019 mtu mmoja aliua watu 23 ndani ya Walmart ya El Paso, hukohuko Texas. Siku tano baadaye, kwenye Walmart nyingine ya Springfield, Missouri, kijana aliingia na bunduki na fulana ya kuzuia risasi ili, kwa maneno yake, ajaribu kama haki yake inaheshimiwa. Meneja alivuta king'ora cha moto, watu wakakimbia wakiacha matoroli. Hakufyatua risasi hata moja. Mwezi uliofuata Walmart ikawaomba wateja wasiingie na silaha wazi.

Kwa hiyo mwambie mwanao mambo haya. Asimuulize mteja yeyote kuhusu bastola yake. Hiyo ni kazi ya meneja. Asome mlangoni kwao kuna tangazo gani. Na kesho akiingia zamu, kabla hajavaa aproni, atembee mwenyewe hadi nyuma ya stoo, ausukume mlango wa dharura kwa mkono wake, ahakikishe unafunguka. Akikutumia ujumbe kwamba umefunguka, nawe ulale.