Kama umeshatusua udaktari huku Marekani, washike na hawa madogo

Kuna kitu huwa nawaambia madaktari wenzangu wa Kibongo na Kikenya, hasa wale waliomaliza residensi, yale mafunzo ya hospitali baada ya chuo, na sasa wanahangaika na majani ya bustani tu: dogo mweusi au wa Kilatino akiingia chuo cha udaktari hahitaji umwambie "kaza buti", hizo keshazisikia tangu yuko mdogo, anahitaji mtu wa kumpigia simu saa nne usiku kabla mambo hayajaharibika.

Maana hali yenyewe siyo nzuri. AAMC, ule umoja wa vyuo vya udaktari, walitoa ripoti 2015 kwamba wanaume weusi walioomba kusoma udaktari mwaka 1978 walikuwa 1,410, mwaka 2014 wakawa 1,337. Yaani miaka 36 watu wameongezeka nchi nzima wao wamepungua, na humo wamehesabiwa mpaka watoto wa wahamiaji kama sisi. Na tangu Juni 2023 Mahakama ya Juu imekataza vyuo kuangalia rangi kwenye udahili, kwa hiyo usitegemee darasa litajaa weusi kesho.

Sasa wanaume tunajuana. Dogo akichemsha mtihani wa kwanza anajifungia chumbani, meseji hajibu, kwa sababu anaona akisema tu atakuwa amewapa ushahidi wale waliokuwa wanamwangalia kwa jicho la "huyu kaingiaje hapa". Ukimuuliza vipi masomo atakwambia poa tu bro. Usiulize hivyo. Uliza umepata ngapi anatomia, unasoma na nani, madesa unapata wapi. Wenzie wengi wazazi wao ni madaktari, wana vikundi vyao tayari na maswali ya miaka ya nyuma yanazunguka humo humo, yeye anasoma peke yake halafu anajiona hana akili.

Ila kwenye kasheshe hasa ni wodini, mwaka wa tatu. Tangu Januari 2022 mtihani wa Step 1, ule wa kwanza wa leseni ya udaktari, hauna maksi tena, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo uzito umehamia Step 2, ule unaofuata, maksi za wodini na barua za kukupendekeza. Na maksi za wodini anazitoa binadamu kwa jinsi alivyokuona! Dogo mmoja ninayemfuatilia aliandikiwa aongeze kujiamini, wodi iliyofuata akaandikiwa apunguze kujiamini, mtu yule yule, sauti ile ile. Hapo utamshauri nini? Mimi nilimwambia asisubiri mwisho, katikati ya zamu yake amfuate mkubwa wake amuulize wiki hizi zilizobaki nifanye nini nipate maksi ya juu kabisa, akishajibiwa amtumie imeili ya kushukuru yenye yale yale aliyoambiwa, ili baadaye yule mtu asije akageuka. Halafu mfanyishe mazoezi ya kuelezea mgonjwa. Mimi huwa nakaa kwenye gari pale parking ya hospitali dogo ananielezea kwenye simu mgonjwa wake wa moyo, nikiona anazunguka namkatisha, anza upya, kilichomleta mgonjwa ni nini?

Barua nazo. Ukiombwa kuandika, tafadhali usiandike "kijana mwenye adabu na mchapakazi", hiyo ni barua ya kuombea kazi ya ulinzi. Andika alichokiona kwa mgonjwa ambacho wengine hawakukiona.

Hela sitaongea sana ila sheria ya 2025 imeweka kikomo cha mkopo wa serikali kwa wanaosoma udaktari, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 jumla, kuanzia Julai 2026, na vyuo vingi gharama inapita hapo. Mlipie hata ada ya mtihani. Mwite nyumbani ale, pilau haijawahi kumshinda Mmarekani.

Na hili litawaudhi baadhi yenu lakini ngoja niseme. Yale maneno tunayoongea kwenye sherehe zetu, eti weusi wa huku wavivu, sisi tumekuja na suti moja na tumetoboa, tuyaache. Vyuo vya udaktari vya weusi vilikuwa 7, ripoti ya Flexner ya 1910, ile iliyokagua vyuo vya udaktari, ikasema vibaki 2, Howard na Meharry, vingine vikafa. Wewe ulisomeshwa na wajomba kijiji kizima, babu wa dogo mweusi wa huku alifungiwa mlango. Na mlinzi akikukuta korido usiku na skrabu zako hakuulizi ulikuja kwa ndege au mababu zako waliletwa kwa meli.

Pa kuanzia ni rahisi, SNMA, chama cha wanafunzi weusi wa udaktari kipo tangu 1964 na kina matawi vyuo vingi, waandikie tawi la karibu na wewe uwaambie unaweza kuwasikiliza wakielezea wagonjwa Jumapili jioni. Usiahidi mambo mengi. Na ukiwa na zamu waambie mapema, wasikae wanapiga simu haipokelewi.