Betri kwenda kwenye buti: pima kwanza, kata waya baadaye

Joto la Oktoba na Novemba likishika kasi Dodoma, mafundi umeme wa magari huulizwa swali lile lile: betri zinakufa mapema, tuitoe mbele tuihamishie kwenye buti? Mara nyingi jibu ni hapana. Si kwamba haiwezekani. Toyota Prius nyingi hutoka kiwandani betri ya volti 12 ikiwa nyuma, na BMW 3 Series nyingi ni hivyo hivyo. Lakini kiwanda kiliweka pia waya mnene, mpira wa kutolea gesi nje na, kwa BMW, kichwa cha betri chenye baruti ndogo kinachokata umeme gari likigongwa. Mtaani huhamishwa betri tu, hayo mengine yakaachwa.

Joto kweli linaua betri. Kanuni ya kazi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake karibu nusu. Ila kabla ya kulaumu boneti, chukua mita. Asubuhi gari likiwa limelala, betri iliyojaa husoma volti 12.6, ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Injini ikiunguruma usome kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 14.8, altaneta (mashine inayochaji betri) inaichemsha betri, na ukiipeleka nyuma utakuwa umehamishia harufu ya yai bovu ndani ya gari. Zima gari, lifunge, subiri nusu saa, kisha pima umeme unaovuja: ukizidi miliampea 50, msake mlaji, na anza na alamu, trakka na redio za kuongezewa. Betri ya maji ikaguliwe kila mwezi wakati wa kiangazi, iongezwe maji ya betri yasiyo na tindikali. Na kama gari lilikuja na koveri ya kuzuia joto kuzunguka betri, lirudishie; hiyo hutupwa siku betri ya kwanza inapobadilishwa.

Mwenye sabufa naye hahitaji kuhamisha chochote. Avute waya wa amplifaya kutoka mbele, wenye fyuzi yake, basi.

Wanaobaki na sababu ya kweli ni wachache: aliyefunga turbo au injini kubwa iliyokula nafasi ya betri, au anayejenga gari la mashindano na anataka uzito urudi nyuma. Kwa hao, swali la kwanza ni aina ya bodi. Saluni, yaani gari lenye buti lililojitenga, ina bati au angalau kiti kizito kati ya buti na abiria. IST, Vitz, Passo na Noah hazina. Betri na mtoto aliyelala kiti cha nyuma wanavuta hewa moja. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kushika moto kwa cheche moja. Kwa hiyo: betri kavu ya AGM (tindikali yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo), ndani ya boksi lenye kifuniko, na mpira wa kutolea gesi uliopita sakafuni hadi nje. AGM nayo ina vali inayofunguka ikichajiwa kupita kiasi, usidanganywe na jina "kavu".

Sasa waya, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kutoka buti la saluni hadi kwenye stata (mota inayozungusha injini iwake) ni kama mita 5. Stata ya injini ndogo ya petroli ikizungusha hula ampea 100 hadi 200, na zaidi sekunde ya kwanza. Kwa ampea 200, waya wa shaba wa milimita 16 za mraba hupoteza volti 1.1 njiani; wa 35 hupoteza nusu volti; wa 50 hupoteza 0.34. Chukua wa 50. Kwenye maduka ya muziki wa gari utapewa "geji 4" ukiambiwa ni mnene. Hiyo ni milimita 21 za mraba tu. Kibaya zaidi, nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani, feki inatoa weupe. Ukiushika pia ni mwepesi kupita kawaida.

Upitishe ndani, chini ya zulia, pembeni mwa kizingiti cha mlango, mbali na waya za airbag zenye soketi za njano. Chini ya gari kuna ekzosi, na kuna mawe ya barabara za vumbi. Kwenye ukuta wa injini, tundu liwe na mpira wake. Bati tupu hula ganda la waya taratibu kwa mtikisiko, na siku likiisha unapata shoti.

Ndiyo maana fyuzi hukaa nyuma, ndani ya sentimita 30 kutoka kichwa chanya cha betri. Zile fyuzi za mbele hazioni kitu kikitokea katikati ya waya. Kwa waya wa 50 na injini ya petroli isiyozidi lita 2, fyuzi ya kufungwa kwa bolti ya ampea 250 inatosha. Mwenye dizeli kubwa aiache betri ilipo.

Mbele, waya uishie kwenye nguzo ya kuunganishia waya, yenye plastiki ya kuzuia shoti. Hapo ndipo waya wa stata na fyuzi kuu za kiwandani zinapokutana. Toyota nyingi zimefunga fyuzi hizo juu ya kichwa cha betri chenyewe; zihamishie kwenye nguzo, usiziruke.

Ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, hupuuzwa kuliko vyote. Chagua sehemu nene ya bodi, si bati la tairi la spea. Kwarua rangi kwa msasa eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 mpaka bati liwe jeupe, funga bolti ya M8 yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu. Waya wa ethi nao uwe wa 50. Halafu nenda mbele ubadilishe ule unaounganisha injini na bodi. Ukiwa mwembamba, umeme wa stata utatafuta njia kwenye kebo ya klachi, na kebo itapata moto.

Betri ya NS60, saizi ya magari madogo mengi, ina zaidi ya kilo 10. Ifungwe kwa chuma na bolti za M8 zilizopita sakafuni, washa pana chini, si kwa mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda. Kabla ya kutoboa, ingia uvunguni uone tenki la mafuta liko wapi.

Kujaribu: chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwenye injini) gari lisiwake, mtu apige stata, nawe upime kutoka chanya ya betri hadi kwenye bolti ya stata. Isizidi nusu volti. Kisha hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini, isizidi 0.3. Ikizidi, legeza ethi na ukwarue tena kabla ya kulaumu waya.

Na usifunge buti bado. Kama linafunguliwa kwa kitufe tu, betri ikifa itakuwa imefungiwa humo ndani. Hakikisha funguo ya kawaida inafungua, na nguzo ya mbele iwe na kifuniko chekundu, ili ukikwama njiani kule Manyoni upate pa kubustia.